Akiitwa Kazini: Namna ya Kuiandaa Familia ya Askari wa Akiba

Redio ikitangaza tu kwamba hali ya mpakani si shwari, simu yangu huanza kuita. Wanaopiga ni wake wa askari wa akiba, mara nyingine mama zao, na maswali ni yaleyale. Akiitwa nitajulishwa na nani? Hela itapitia wapi? Shemeji anasema shamba ni la ukoo, nifanyeje? Laini yake ya simu nibaki nayo mimi? Nimeyajibu kwa mdomo mpaka koo limekauka, sasa nayaandika.

Haya ni kwa familia za Jeshi la Akiba: mgambo waliopata mafunzo kwenye kata zao, vijana waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na wastaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) wanaoweza kuitwa tena. Naandika nikiwa Tabora, kwa hiyo mifano ni ya huku: tumbaku, bodaboda, nyumba za kupanga za Isevya na Ng'ambo. Wewe wa Kasulu au Uvinza weka mawese na dagaa mahali pa tumbaku, mengine yatakufaa vilevile. Nitasema "mume" kwa sababu ndio wengi, lakini wanawake wapo akiba pia, na mume anayebaki na watoto ana kazi hiihii.

Usingoje wito ndipo uanze. Vita ya Kagera ilipoanza mwishoni mwa 1978, makumi ya maelfu ya mgambo waliondolewa majumbani, wengi wao wakulima, na mapigano hayakumalizika mpaka katikati ya 1979. Aliyeondoka wakati wa kupanda hakuwepo wakati wa kuvuna. Miaka mingi wito huwa mdogo kuliko huo: mazoezi, ulinzi wa shughuli fulani, mafuriko mahali. Maandalizi ni yaleyale, na yakifanywa mapema hata safari ya wiki tatu haiwatikisi.

Hatari ya huko aendako huwezi kuipunguza ukiwa Isevya. Unachoweza ni kuyatoa kichwani mwake mambo anayoyajua peke yake: nani anamdai, nani anadaiwa, mpaka wa kiwanja unapita wapi, mwenye nyumba alilipwa mpaka mwezi gani. Hayo ndiyo yanayoiangusha nyumba mwezi wa pili.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kaunta buku moja. Karatasi moja moja zinapotea.
- Faili la plastiki linalofungwa, la kuhifadhi vyeti visilowe. Paa likivuja masika utanishukuru.
- Vitambulisho vya taifa vya wote wawili, au angalau namba za NIDA.
- Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote.
- Karatasi za ardhi na nyumba: hati, ofa, hati ya kimila, au mkataba wa mauziano wenye muhuri wa mtaa au kijiji.
- Kadi za bima ya afya na za kliniki.
- Simu mbili, kila moja na laini iliyosajiliwa kwa jina la anayeitumia.
- Mchana wa siku mbili tatu ambao hakuna anayekimbilia kibaruani. Hiki ndicho kigumu kupata kuliko vyote.

Hatua ya 1: Mjue anayemjua yeye

Kila wilaya ina Mshauri wa Mgambo, ofisa anayesimamia mambo ya mgambo. Mwende wote wawili ofisini kwake, si mume peke yake, ili sura yako ijulikane. Andika jina la ofisi, namba ya simu na mahali ilipo. Andika pia namba ya askari ya mumeo, cheo chake, mwaka na mahali alipopata mafunzo. Siku utakapohitaji kuuliza habari zake, swali la kwanza utakaloulizwa wewe ni namba hiyo.

Mkiwa hapo ulizeni haya, na majibu yaandikwe: Wito huletwa kwa njia gani, barua, simu au mtendaji wa kata? Kuna posho, na inalipwa kwa njia gani? Akiumia, familia inajulishwa na nani? Matibabu yake analipa nani? Mimi nikiwa na shida nyumbani, nianzie ofisi ipi? Usikubali majibu ya jirani ambaye mjomba wake alikuwa jeshini. Taratibu hubadilika, na wito mmoja haufanani na mwingine.

Halafu kuna jambo linalosahaulika kila mara: jina la ndugu wa karibu kwenye fomu zake. Wengi walijaza fomu wakiwa na miaka kumi na tisa, hawajaoa, wakaandika mama au kaka. Miaka kumi na tano baadaye ana mke na watoto wanne, na fomu bado inasema kaka. Ombeni iangaliwe, irekebishwe.

Hatua ya 2: Jazeni kaunta buku

Yeye aseme, wewe uandike. Mkifanya kinyume, mtu ataandika "deni la Juma" na kuona amemaliza, wakati akina Juma mtaani wapo sita.

Gawanyeni daftari kwa kurasa. Ukurasa wa watu: mwenye nyumba, balozi au mwenyekiti wa mtaa, mwajiri, fundi wa bomba, mwalimu wa darasa wa kila mtoto, imamu au mchungaji, bodaboda mnayemwamini usiku. Ukurasa wa nyumba: namba ya mita ya LUKU, namba ya akaunti ya maji, kodi imelipwa mpaka lini, mkataba uko wapi. Ukurasa wa ardhi nitaurudia chini. Ukurasa wa afya: dawa anazotumia kila mtu, mzio, kundi la damu kama linajulikana.

Ukurasa wa madeni ndio wenye kazi. Uchoreni safu tano: nani, kiasi, la nini, lini linalipwa, nani alishuhudia. Mfano wa mstari uliokamilika:

"Mzee wa duka la pembejeo, kituo cha basi cha zamani. 85,000. Mbolea ya mwaka jana, mifuko miwili. Kulipa tumbaku ikiuzwa. Alishuhudia kijana wake wa dukani."

Ukiwa na mstari kama huo, mtu akija mlangoni na kusema mumeo ana deni la laki tatu, unafungua daftari. Kama hayumo humo, unamwambia akija na maandishi mtazungumza. Mwite shahidi mkiwa mnaongea.

Wanaodaiwa na mumeo nao waandikwe. Na wanaume, samahani, lakini yale madeni mliyoyaficha yatajulikana tu. Afadhali mke ayasikie kwako kuliko kwa mkusanyaji wa marejesho saa kumi na mbili asubuhi.

Hatua ya 3: Panga hela ya miezi mitatu

Panga kana kwamba mwezi wa kwanza hakuna chochote kitakachoingia kutoka kwake. Kikiingia, Mungu mkubwa.

Orodhesha matumizi yasiyokwepeka kwa mwezi mmoja: chakula, kodi, maji, umeme, mkaa au gesi, nauli, sabuni, michango ya shule. Elimu bila ada ipo kuanzia 2016, lakini sare, madaftari na chakula cha shuleni havikufutwa na mtu. Zidisha mara tatu. Hilo ndilo lengo la akiba. Kama ni kubwa mno, anza na nusu, na sehemu iwe ya vitu badala ya hela: gunia la mahindi, debe la maharage, karanga, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa). Gunia lililo stoo haliombwi mkopo na ndugu.

Kisha tazameni vyanzo vinavyokatika siku anayoondoka.

Kama ana bodaboda ya mkataba, hesabu ya kila siku haisimami kwa sababu kaitwa. Mwende kwa mwenye pikipiki sasa hivi, mkubaliane kwa maandishi: nani ataiendesha, akishindwa pikipiki inarudi kwa masharti gani, na yaliyokwisha kulipwa yanahesabiwaje. Bila makubaliano hayo pikipiki huchukuliwa, na mwaka mzima wa kupeleka hesabu unakwenda nayo.

Kama ni mlinzi au ameajiriwa, amuulize mwajiri kwa barua: nikiitwa, nafasi yangu inashikwa? Mshahara wa siku nilizofanya unalipwa kwa nani? Barua ibaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wito ukija kwa maandishi, nakala yake iende kwa mwajiri siku hiyohiyo. Mtu asiyeaga huandikwa mtoro kazini, na kulirekebisha hilo ukiwa mbali ni balaa.

Kama mna mkopo wa kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, ulipeni kabla ya kitu kingine chochote, hata kwa kuuza mbuzi. Wakopeshaji hao hawana simile na mwanamke aliyeachwa peke yake, na kila wiki inayopita deni linavimba. Kama mko kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, hisa na mkopo viandikwe ni vya nani, na mweka hazina ajue nani atahudhuria vikao.

Kosa la kawaida: kumwachia kaka mtu hela yote "amsaidie shemeji yake kidogo kidogo". Kaka anaweza kuwa mwema kabisa, na bado atapata msiba, atapata mgonjwa, atakopa kwa nia njema. Hela ya nyumba ikae mikononi mwa anayepika.

Hatua ya 4: Simu, laini na namba za siri

Usibaki na laini yake ukiitumia kama yako. Imesajiliwa kwa alama za vidole vyake. Ukitaka kuirudisha ikipotea, utaambiwa aje mwenyewe, naye yuko porini. Ikikaa muda mrefu bila kutumika inaweza kufungwa pamoja na hela zilizomo.

Fanyeni hivi:

a) Kila mmoja awe na akaunti yake ya hela za simu, kwa jina lake.
b) Hela kubwa itoke kwenye simu iende benki, ikiwezekana akaunti ya pamoja ambayo yeyote kati yenu anaweza kutoa peke yake. Soma hapo vizuri: kuna akaunti za pamoja zinazodai sahihi zote mbili kila mnapotoa, na hiyo ndiyo msiyoitaka.
c) Watu wanaomlipa kwenye simu yake, wapangaji au wateja, wapewe namba yako kabla hajaondoka. Awapigie yeye mwenyewe wasikie sauti yake.
d) Namba za siri zisiandikwe kwenye kaunta buku. Daftari hilo litasomwa na watu wengi kuliko unavyodhani.

Hatua ya 5: Shamba na tumbaku

Hapa Tabora nyumba nyingi zinaanguka kwenye hatua hii, kwa hiyo nakaa nayo.

Mkulima wa tumbaku ni jina kwenye kitabu cha AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Mbolea na dawa hutolewa kwa jina hilo, mkopo unakatwa kwa jina hilo, na malipo yanaingia benki kwenye akaunti yenye jina hilo. Mke anaweza kupanda vitalu, kuhamisha miche Novemba mvua zikianza, kupalilia, kuvuna majani, kukausha banini na kufunga mitumba, kisha siku ya soko akaambiwa hela imekwenda kwenye akaunti ya mumewe. Na kadi ya benki mume anayo mfukoni, huko aliko.

Kwa hiyo, msimu haujaanza:

Kwanza, mwende kwa katibu wa AMCOS wote wawili. Mume atoe barua kwamba asipokuwepo, mkewe, kwa jina kamili na namba ya NIDA, ndiye atakayepokea pembejeo, kusimamia mizani na kusaini. Uongozi uipokee na kuigonga muhuri, nawe ubaki na nakala. Kama wewe mwenyewe unaweza kujiunga uanachama na kuandikishwa ekari kadhaa kwa jina lako, ni bora zaidi.

Pili, benki. Waulizeni njia ya mwenzi kutoa hela kwenye akaunti ya mkulima asipokuwepo. Kuna benki watakaotaka hati ya kisheria, nayo inakuja hatua ya sita.

Tatu, punguzeni ukubwa. Kama mlilima ekari nne mkiwa wawili, mwaka wa wasiwasi limeni mbili, na nyingine iwe mahindi na karanga. Mkopo wa pembejeo za ekari nne haupungui kwa sababu kuna mikono miwili badala ya minne. Najua wapo watakaosema ni woga. Waje walime wao.

Nne, tembeeni mipaka ya shamba pamoja, na jirani wa kila upande akiwepo. Chora ramani kwenye kaunta buku: mninga uko wapi, njia ya ng'ombe, kichuguu. Majirani waweke sahihi au dole gumba, mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie. Kazi hii inachukua asubuhi moja na inazuia kesi ya miaka.

Hatua ya 6: Karatasi za kisheria

Tatu zinatosha kwa familia nyingi.

Hati ya uwakilishi. Inampa mke, au mtu mwingine, mamlaka ya kutenda kwa niaba ya mume kwenye mambo yanayotajwa. Iandaliwe na wakili. Itajeni mipaka yake: kupokea malipo ya mazao, kushughulikia benki, kusimamia kesi, kupangisha nyumba. Isiseme "mambo yote" kama hutaki mambo yote. Jueni pia kwamba hati hii inakufa pamoja na aliyeitoa. Akifariki leo, kesho haina kazi, na mambo yanakwenda kwenye mirathi. Kwa hiyo haichukui nafasi ya wosia.

Wosia. Wengine hukataa hata neno lenyewe, wanaona ni kujitabiria. Mwambie wosia unaandikwa na mzima mwenye akili zake, na watu wanauandika bila kuwa askari. Kwa sheria za mila, wosia wa maandishi wa anayejua kusoma na kuandika unataka mashahidi wasiopungua wawili, na wa asiyejua unataka wanne. Anayerithi asiwe shahidi. Uwe na tarehe na sahihi. Kwa Waislamu, mtu huusia mwisho theluthi ya mali yake na si kwa mrithi, theluthi mbili zinafuata mafungu, kwa hiyo mwoneni shehe anayejua mirathi kabla ya kuandika. Wosia unaweza kuhifadhiwa RITA (wakala wa serikali wa usajili na ufilisi), kwa wakili, benki au kwenye nyumba ya ibada. Usiufungie kwenye sanduku ambalo ufunguo anao yeye.

Watoto wote watajwe. Wote. Kama kuna mtoto wa nje au nyumba ya pili, sasa ndiyo saa yake, maana huyo mama na mtoto watatokea tu, na wakitokea msibani hali huwa mbaya kwa kila mtu, mtoto akiwa wa kwanza.

Vyeti. Kadi ya kliniki si cheti cha kuzaliwa. Cheti kinatolewa na RITA kupitia ofisi ya wilaya, na ni rahisi kukipata baba akiwepo kuliko asipokuwepo. Kama mlioana kimila na hamkusajili, mwende ofisi ya Mkuu wa Wilaya muulize utaratibu wa kuisajili ndoa. Mke asiye na cheti anaweza kuthibitisha ndoa kwa mashahidi, lakini ni kazi ya kutembea mahakamani wakati huna nauli.

Kama wakili ni ghali, waulizeni wasaidizi wa kisheria kwenye kata au wilaya yenu. Msaada wa kisheria bila malipo una sheria yake tangu 2017, si hisani ya mtu.

Hatua ya 7: Kikao cha ukoo

Fanyeni kikao yeye akiwa amekaa hapo. Waitwe baba na mama mkwe, kaka zake, dada zake, na upande wako mtu mmoja mwenye busara. Chai iwepo.

Aseme yeye mwenyewe, kwa maneno yanayoeleweka: "Nikiitwa, nyumba inabaki kwa mke wangu. Shamba lisiuzwe wala kukodishwa. Watoto wabaki hapa. Baba mdogo, wewe ndiye wa kukimbiliwa akipata shida." Maneno hayo wewe ukiyasema peke yako baadaye utaitwa mchoyo. Akiyasema yeye mbele ya wazee, wifi atapata kazi kuyapindua. Mtu aandike muhtasari, wote wasaini.

Kosa la kawaida ni kumwalika kila mtu. Kikao cha watu thelathini kinageuka sherehe, na hakuna kinachoamuliwa.

Na mama mkwe ashirikishwe kwa heshima yake. Anampeleka mwanawe. Mpe kazi yenye uzito: kupokea simu za ndugu wa mbali, au kukaa na mdogo siku za kliniki.

Hatua ya 8: Watoto

Waambieni kabla, kwa kadiri ya umri. Wa miaka minne anatosheka na "baba anakwenda kazini mbali, atarudi, wewe utabaki na mama na bibi". Usimwambie tarehe ya kurudi, maana ataishika. Wa darasa la tano tayari anasikia redio, kwa hiyo muulize anajua nini ndipo urekebishe. Kijana wa sekondari asiambiwe "sasa wewe ndiye baba wa nyumba". Mpe kazi moja mbili za kweli, kama kununua umeme au kusimamia masomo ya wadogo, umwache awe mwanafunzi.

Mwalimu wa darasa aambiwe siku ileile. Mtoto aliyeanza kusinzia au kupigana shuleni ataeleweka badala ya kuchapwa.

Kama una ujauzito, panga usafiri wa usiku na mtu wa kubaki na watoto, na ujue ni zahanati ipi inakupeleka hospitali ya Kitete mambo yakiwa magumu.

Hatua ya 9: Mawasiliano

Kubalianeni kwamba kimya ni hali ya kawaida. Kuna siku hakuna mtandao, na kuna siku simu haziruhusiwi. Usimuulize yuko wapi, wako wangapi, wanakwenda lini. Hata akijua hapaswi kusema, na swali lenyewe linamweka pabaya. Muulize amekula, amelala, mguu umepona.

Picha za magari ya jeshi yakipita mjini au za mumeo kavaa gwanda siku ya kuondoka zisiende kwenye makundi ya WhatsApp wala statasi. Na nguo za jeshi zikibaki nyumbani zikunjwe zifichwe. Raia kuvaa sare za jeshi ni kosa, na kijana wako akitoka na kofia hiyo kwenda kijiweni utakwenda kumtoa kituoni.

Chagueni neno la siri la familia. Liwe la ajabu kidogo, jina la ng'ombe wa babu, kwa mfano. Mtu yeyote atakayepiga akidai ametumwa na mumeo alitaje.

Hatua ya 10: Begi

Orodha rasmi atapewa na waliomwita, aifuate. Juu ya hiyo: soksi pamba jozi kadhaa, malapa, dawa zake za kawaida na karatasi ya daktari, miwani ya akiba, sindano na uzi, nakala ya kitambulisho, daftari dogo lenye namba za simu zilizoandikwa kwa kalamu kwa sababu simu huzimika. Vyeti halisi vibaki nyumbani.

Hatua ya 11: Fanyeni zoezi

Chagueni wiki moja ambayo mume yupo lakini haruhusiwi kusaidia. Mke alipe maji, anunue umeme, azungumze na mwenye nyumba, aende AMCOS, atoe hela benki. Kila linalokwama liandikwe. Hapo ndipo mtagundua kwamba sahihi ya benki haifanani, au ufunguo wa stoo alikuwa nao kaka yake siku zote.

Yakikwama

Ameondoka kabla hamjafanya chochote. Anza na ukurasa wa madeni na ule wa watu, akipiga simu umuulize kimoja kila mara. Nenda kwa Mshauri wa Mgambo na kitambulisho chako na cheti cha ndoa, ujitambulishe.

Posho haionekani. Usianze na kulalamika mtandaoni. Andika tarehe, nenda ofisi ile mliyoandika hatua ya kwanza, uliza kwa utulivu, andika jina la uliyeongea naye na alichosema. Rudi baada ya muda aliokupa. Daftari lenye tarehe linamfanya mtu akujibu tofauti.

Umepigiwa kwamba amejeruhiwa, tuma hela ya matibabu haraka. Ni tapeli mpaka uthibitishe kinyume. Uliza neno la siri, uliza namba yake ya askari, kata simu, piga ofisini. Haraka yao ndiyo mtego wenyewe.

Shemeji ameanza kupima shamba. Mwonyeshe muhtasari wa kikao. Akiendelea, nenda serikali ya kijiji au mtaa na ramani yenu, uombe maandishi. Hapo pasipotosha, Baraza la Kata lipo kwa usuluhishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nyumba mnayoishi kama familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, ndivyo Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyosema, na hilo linamhusu hata mumeo.

Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Mpe mapema taarifa kwamba mume kaitwa, uombe kulipa mwezi kwa mwezi, na makubaliano yaandikwe. Wengi hukubali wakiombwa kabla ya tarehe. Wakiombwa baada ya tarehe huwa viziwi.

Umechoka, huli, hulali, unawapigia watoto kelele. Mwambie mtu mmoja kwa jina, si kundi. Zahanati wanapokea hilo pia, na Afisa Ustawi wa Jamii wa kata au halmashauri ndiyo kazi yake.

Amerudi. Msimkabidhi daftari lote siku ya kwanza. Mwacheni alale, ale, awaone wazee. Wiki ya pili kaeni mpitie ukurasa wa madeni, yaliyolipwa yapigwe mstari. Hati ya uwakilishi kama haihitajiki tena ifutwe kwa maandishi na benki na AMCOS wapewe nakala. Na yale ambayo mke ameyazoea kuyafanya vizuri yabaki kwake. Mwanamke aliyesimamia mizani msimu mzima haoni sababu ya kurudi kubeba mitumba tu.